Nyumba kuwa ya zamani sio kinga
Meku hapo juu unasema nyumba za kale za Moshi mjini haziguswi sababu sheria inazilinda, hapana aisee. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, sasa hapa Moshi reli ya Tanga yenyewe imefika 1911, zile nyumba za Wahindi zenye duka mbele na familia nyuma nyingi zimekuja baada ya hapo, kwa hiyo mpaka waziri atangaze kwamba nyumba fulani inalindwa ndo inapona. Barabara kuu nayo ni habari nyingine, sheria ya 2007 imetanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, we angalia tu rangi ya ile X ya kubomolewa wanayokupigia ukutani, kijani unalipwa, nyekundu utajijua. Bibi yangu alipigiwa ya kijani kwenye ukuta wa jikoni, akapanda mgomba mbele yake isionekane 😂. Na mwenye nyumba akishamuuzia mtu anayetaka kujenga ghorofa hata X haihitajiki, asubuhi unakuta mabati yamezungushwa, jioni mlango wa mninga uko kwa fundi unauzwa.