Fomu ya Serikali Inapolikataa Jina Lako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia akitaka kujua kama yeye ndiye mwenye kasoro, kwa kuwa kila alipojaza fomu ya leseni ya duka lake kwenye tovuti ya serikali, alirudishwa mwanzo bila kuelezwa alipokosea. Ndugu yangu, huna kasoro yoyote.

Mimi yalinikuta nilipomwombea mama cheti katika idara moja ambayo sitaitaja. Jina la mama lina ng', kama yalivyo majina mengi ya Wakikuyu, Wajaluo na Wakisii. Nilipoliandika kama lilivyo kwenye kitambulisho, maandishi mekundu ya Kiingereza yalitokea kusema kwamba kuna herufi isiyokubalika; nilipoiondoa ritifaa, yaani ile alama ya (') inayofuata ng, tovuti ikasema jina halilingani na kitambulisho. Mhudumu wa saiba alimshauri mama abadilishe jina lake. Mama, aliyelibeba jina hilo tangu kuzaliwa, alinyamaza, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Baadaye nilielewa chanzo chake. Ritifaa hutumika katika amri za hifadhidata, na wadukuzi huweza kuitumia kupenyeza amri zao, hivyo baadhi ya watengenezaji huizuia kabisa badala ya kuandika programu inayoipokea kwa usalama. Isitoshe, baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi tofauti na ile iliyonyooka. Kwa hiyo jaribu kwanza ile iliyonyooka.

Ikishindikana, piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kosa, tarehe na saa, kisha uiandikie idara barua rasmi. Ndivyo nilivyofanya, nikitaja Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayompa kila mtu haki ya kuhudumiwa na serikali kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Nilijibiwa, na leo fomu ile inalipokea jina la mama bila kupunguzwa hata nukta. Najivunia jambo hilo, wala sioni haya kulisema.

Jukwaa la eCitizen, tovuti ya serikali ya kuombea na kulipia huduma zake, lilianza mwaka 2014, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa humo. Kwa hiyo anayekwama mtandaoni amekwama kweli, na si haki kumlaumu mwananchi kwa fomu ambayo mtengenezaji wake hakuijaribu kwa majina ya Wakenya. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi maelezo ya makosa nayo yaandikwe kwa Kiswahili. Tusikubali kudharauliwa na skrini, na tusichoke kulalamika kwa maandishi.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina la tovuti linaishia .go.ke. Malipo yakikwama, usilipe tena. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa pamoja na nambari ya ankara, na upige picha. Idara isipojibu, peleka barua hiyo na picha zako katika ofisi ya Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya idara za serikali bila malipo.