Mwanangu alipobonyea kisogo

Mwanangu wa kwanza alipofika miezi miwili, nilimnyoa nikaona kisogo chake upande wa kulia kimebonyea, kama embe lililolaliwa na wenzake ndani ya gunia. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Busia, kitanda kimeegemea ukuta, mlango uko kulia. Mtoto alikuwa akigeukia mwanga wa mlango kutwa.

Mama mkwe akaniambia, "Usihofu mwanangu, nitamnyoosha." Kila akimwogesha alikibana kichwa kwa viganja vyenye mafuta, kisha akaivuta pua ili isimame. Alifanya kwa mapenzi, nami nilinyamaza.

Siku ya chanjo nesi ndiye aliyenifungua macho. Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mifupa ambavyo havijashikana, ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa na ubongo upate pa kukulia. Ubongo ndio unaoisukuma mifupa kutoka ndani. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 35 hivi siku ya kuzaliwa hufika kama 46 mwaka ukitimia! Mahali panapokandamizwa na godoro saa nyingi pakishindwa kutanuka, mfupa hutanukia kwingine.

Kwa hiyo dawa ni kumgeuza. Usiku nilimlaza chali vilevile, maana ndivyo salama, ila leo kichwa huku, kesho kule kwenye miguu. Akiwa macho nilimlaza kifudifudi kwenye mkeka, nikikaa naye, na mchana nilimbeba mgongoni. Kufikia mwaka mmoja huoni kitu. Lakini mtoto anayeshindwa kabisa kugeuza shingo upande mmoja, mpeleke kwa daktari mapema.

Pua nayo iacheni, mama zangu. Uso huchelewa nyuma ya fuvu: mtoto wa miaka sita au saba kichwa chake kinakaribia cha mtu mzima, huku uso ukiendelea kukua hadi ujanani, na taya la chini humaliza karibu mwisho. Pua ya miezi miwili bado haijawa pua yake.

Utosi wa mbele, pale palipo laini juu ya paji, kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Ukididimia wakati anaharisha, maji yamemwishia mwilini. Usipake majani, mnyonyeshe, mpe ORS, ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, huku mkienda kituo cha afya. Ukivimba ilhali ametulia, na ana homa, msisubiri kuche.

Na kichwa kikikua haraka kuliko mwili, macho yakaanza kuelekea chini, huenda ni kichwa maji, yaani maji yamejaa ndani ya kichwa. Hapa Uganda watoto wengi hukipata baada ya maambukizi ya wiki zao za kwanza. Hospitali ya watoto ya CURE, pale Mbale, inawafanyia upasuaji. Jirani yangu alipoteza miezi kwa waganga kabla ya kufika huko, na bado inaniuma.

Kliniki nyingi nilizopita hupima uzito tu. Waombe wapime na kichwa, waandike namba kwenye kadi, na mara nyingine wailinganishe. Futi ya fundi cherehani inatosha.