Karatasi ya karanga

Nilinunua karanga soko la Majengo, hapa Dodoma, zile zinazofungwa kwenye kipande cha karatasi kilichosokotwa kama pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi. Ilikuwa nusu ya fomu ya uchunguzi wa afya ya mwanafunzi, yenye jina lake kamili, namba ya usajili, kundi la damu, na chini yake majibu ya kipimo ambacho sitakitaja. Juu kulikuwa na nembo ya chuo nilichokuwa nafanya kazi masijala.

Hakuna aliyeiba. Stoo ilikuwa imejaa, mtu akaambiwa asafishe, akauza magunia ya karatasi kwa kilo. Hakukuwa na maandishi popote ya kusema fomu zile zikae miaka mingapi, nani aziteketeze, nani ashuhudie. Mwenye fomu alikuwa ameshahitimu. Nilimpigia, nikamweleza na kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mama, ile nusu nyingine iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, nikiombwa ushauri na wenzangu wa vyuo kuhusu kulinda taarifa za wanafunzi, sianzii kwenye nywila wala mitambo. Nawaambia wachukue kaunta buku wapite ofisi kwa ofisi wakiandika: hapa kuna taarifa gani, za nini, nani anazifungua, mwisho wake lini. Sisi tulikuta nakala za cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi mmoja katika ofisi nne: usajili, mikopo, zahanati na bweni. Bweni lilikuwa na kazi gani na cheti cha kuzaliwa? Hakuna aliyejua, fomu ilirithiwa hivyo. Tukakifuta kwenye orodha ya mahitaji. Usichokikusanya hakitakupotea.

Wala si kila cha zamani ni cha kuchoma. Matokeo ya mitihani yatunzeni, maana mtu hurudi hata baada ya miaka ishirini kuomba nakala. Kwa vyuo vya umma ipo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, kwa hiyo uteketezaji haufanywi kwa mtu kuamua tu stoo imejaa.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Ofisi ya fedha ilituma kwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, orodha ya wanaodaiwa ada, ikiwa na majina, madeni na simu za wazazi. Kabla ya saa kuisha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na kutoka hapo haikujulikana ilifika wapi. Siku chache baadaye mama mmoja wa Kondoa akapigiwa na mtu aliyejiita mhasibu, akatuma hela kwa simu. Nilipomuuliza kwa nini aliamini, alisema, "Alinitajia deni la mwanangu mpaka shilingi ya mwisho." Tangu hapo kila anayedaiwa anapewa taarifa yake peke yake. Ni kazi zaidi, najua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisitumike nje ya lengo hilo, zisikae kupita muda unaohitajika. Taarifa za afya imeziweka katika kundi nyeti. Chuo kinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wa kazi hiyo.

Huyo afisa msimpachike kijana wa kompyuta kwa sababu tu anashika kompyuta. Ateuliwe kwa barua, ajue masijala inavyofanya kazi, na awe mtu anayeweza kumwambia mkuu wa idara, uso kwa uso, "Orodha hii haitoki," na mkuu wa chuo akasimama upande wake.