Re: Bastola ya mabati yenye magazini ya P38, ni P38 kweli?

Salama mkuu. Umeuliza kama hiyo bastola ya Kijerumani isiyo na mhuri wa kiwanda ni P38 (bastola ya jeshi la Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia) iliyotengenezwa haraka haraka, kwa vile magazini yake ya risasi 8 inaingia bila shida. Magazini isikuchanganye. Mimi nikipewa picha za namna hii huanza na slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza nyuma bastola ikifyatuliwa. Ya P38 imekatwa juu, mtutu unaonekana wazi. Yako imefunika mtutu wote, tena ni bamba la chuma lililokandamizwa kwa mashine.

Hapo nafikiria Volkspistole, mradi wa mwisho wa vita, 1944 hadi 1945, Ujerumani ilipotaka silaha rahisi za kugawia wanamgambo. Kampuni za silaha za Walther na Mauser zilitengeneza za majaribio, haikufika kiwandani kwa wingi. Magazini waliazima za P38, maana zilikuwepo tayari (ujanja wa mwenye njaa).

Kisha angalia mtutu. Wa P38 hurudi nyuma kidogo na slaidi kabla ya kufunguka. Kwenye muundo wa gesi, uliotumika kwa baadhi ya Volkspistole, mtutu umetulia, na gesi ya risasi ndiyo inayoichelewesha slaidi. Heckler & Koch P7, bastola ya Kijerumani ya baadaye, ilikuja kutumia wazo la jamaa hiyo.

Weka picha ya slaidi ikiwa imevuliwa. Bei usiulize kwanza, bandia ni nyingi.