Kalamu Isisimame: Majibu kwa Waandishi wa Kila Siku

Mwezi uliopita niliwahimiza wasomaji wa ukurasa huu waandike dakika kumi kila siku: mfululizo, bila kusimama, bila kufuta, kisha wawasomee wenzao wanaowaamini. Maswali yamekuja mengi. Nimeyachagua haya kwa sababu karibu yote yanarudi kwa jambo moja: mtu huacha kuandika anapohukumiwa mapema mno, na hakimu huyo aweza kuwa kichwani mwake au akawa amekaa naye benchi moja.

*Mwalimu, naamka saa kumi alfajiri, nawapikia watoto uji, saa kumi na moja na nusu niko steji. Jioni ni kufua na kuangalia kazi za shule. Hayo maandishi nitayafanya lini? – Mama wa watatu, Umoja*

Mama, siwezi kukuambia kwamba una muda wa ziada na hujauona. Huna. Kwa hiyo tuache habari ya saa nzima, tutafute dakika kumi, na zikikosekana, saba. Uji ukishachemka na ukapunguza moto, kuna dakika chache ambazo mwiko unaweza kupumzika. Weka daftari hapo karibu na jiko, la Kasuku la kurasa 96 linatosha kabisa, na kalamu iwe imefungwa kwa uzi ili watoto wasiihamishe. Andika ukiwa umesimama. Ukurasa mmoja kwa siku, na daftari litakufikisha zaidi ya miezi mitatu.

Siku ukikosa, umekosa. Usilipe deni la kurasa. Nimeona watu wengi wakiacha kwa sababu walikosa siku tatu, wakajiambia lazima waandike kurasa nne siku ya nne, wakaogopa hata kulifungua daftari.

*Naandika mistari miwili, nafuta mmoja. Dakika kumi zikiisha nina mstari mmoja, na huo pia siupendi. – Mwanafunzi, Kahawa Wendani*

Mwanangu, unapika na kuosha vyombo kwa wakati mmoja. Kutunga na kuhariri ni kazi mbili, na ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kutoa kitu. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alilieleza hili vizuri mwaka 1973: andika bila kusimama, na kama huna la kusema, andika kwamba huna la kusema. Wakati huo usirudi nyuma kusahihisha tahajia wala kutafuta neno zuri zaidi. Kufuta ndiko kunakokumaliza. Chukua kalamu ya wino, weka kifutio mbali.

Nikuonyeshe ukurasa wangu wa juzi, jinsi ulivyo: "sina la kuandika sina la kuandika mvua imenyesha usiku bati la jirani limelegea linagonga gonga kama mtu aliyesahau ufunguo baba alikuwa akisahau ufunguo anagonga polepole asituamshe na mama alikuwa macho muda wote". Hauna nukta, hauna koma. Sikuketi nikipanga kumwandika baba. Nilikuwa nimekwama, bati likanipeleka. Kama ningesimama kufuta ule mwanzo wa "sina la kuandika", nisingefika mlangoni kwetu.

Ukikwama tena, rudia neno la mwisho uliloandika, hata mara sita. Mkono huchoka kurudia, nao utaenda mahali.

*Niandike Kiswahili sanifu ama Sheng? Na maneno ya Kikamba yakija? – Kijana wa Makongeni*

Yaache yaje. Kwenye dakika kumi hakuna mlinzi wa lugha. Neno la nyumbani kwenu likikutangulia mdomoni, mara nyingi ni kwa sababu lina kitu ambacho neno lingine halina. Utakapokaa kuhariri, siku nyingine, ndipo utaamua msomaji wako ni nani na anahitaji nini. Mimi napenda sana Kiswahili fasaha na nimekifundisha miaka mingi, na bado nakuambia hivyo.

*Tuko watano, tunakutana Jumamosi bustani ya Jeevanjee. Mtu akisoma, sote tunasema "nzuri sana, endelea". Tunapendana, lakini naona hatuendi mbele. Tufanyeje? – Dada wa Ngara*

Dadangu, umeliona tatizo ambalo vikundi vingi hukaa nalo miaka. "Nzuri sana" ni neno la upendo, lakini mwandishi akifika nalo nyumbani halimwonyeshi pa kuanzia kesho.

Katika kikundi chetu kijana mmoja alisoma kipande kuhusu mama yake anayeuza mboga. Kulikuwa na mstari huu, na ameniruhusu niutumie: "Mama huhesabu sarafu gizani asituamshe, ya ishirini huijua kwa kidole gumba." Wa kwanza kusema alisema inagusa sana. Kijana akatikisa kichwa, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha mama mmoja akasema: "Mimi uliposema kidole gumba, nilimwona mama yangu. Niliacha kukusikia kidogo, nikawa naye. Halafu alipokuja mjomba nikapotea, sikujua kama bado ni usiku uleule." Kijana akaitoa karatasi mfukoni. Akaikunjua juu ya goti, akatia alama kwenye "kidole gumba", akatia nyingine kwa mjomba.

Yule mama hakumsifu wala hakumkosoa. Alimpa ushahidi: hapa nilikuwa nawe, hapa uliniacha. Elbow huyo niliyemtaja aliwataka wasomaji wa kikundi wafanye hivyohivyo, waeleze kilichowatokea ndani yao sentensi kwa sentensi, badala ya kutoa alama kama za mtihani.

Jaribuni hivi Jumamosi ijayo. Msomaji asome mara mbili kwa sauti. Mara ya pili, wasikilizaji waandike maneno yanayowabakia, yaleyale aliyoyasema, wasiyabadilishe. Nyamazeni kidogo. Kisha kila mmoja arudishe maneno yake, na baada ya hapo ndipo mseme mlipopotea. Mwenye kazi asijitetee. Akianza kueleza "nilikuwa namaanisha…", mumwombe kwa upole ayaandike hayo, maana huenda ndiyo sentensi inayokosekana kwenye kipande.

Na kama kilichosomwa kimeandikwa palepale bustanini, bado kina joto, semeni kilichobaki masikioni tu. Makosa yasubiri. Tena msiseme "wewe ulipomkimbia mumeo". Semeni "msimulizi alipomkimbia mumewe". Hata kama mnajua ni yeye. Tofauti hiyo ndogo humpa mtu nafasi ya kuandika jambo zito bila kuona kwamba kikao kizima kinamhoji.

Haya si mageni kwetu. Enzi za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, malenga walijibizana kwa mashairi, na mpaka leo ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo una washairi wanaojibizana. Anayejibu mara nyingi hushika bahari ya mwenzake, yaani aina ya shairi lake, na vina vyake, zile silabi zinazofanana sauti. Hawezi kufanya hivyo kama hakumsikiliza mpaka silabi ya mwisho. Mimi huwaambia wanakikundi: jibuni kama malenga, shikeni kwanza kina cha mwenzenu.

*Nilimwambia mwenzetu hadithi yake haina mwisho na ngeli zimemshinda. Ni kweli tupu. Wiki tatu hajaja. Je, nilikosea kusema ukweli? – Kaka wa Kayole*

Kaka, ukweli wako ulikuwa sawa, wakati wake ndio haukuwa. Kama alileta maandishi ya dakika kumi nawe ukayapima kama mswada unaopelekwa kwa mchapishaji, basi ulilijibu swali ambalo hakuuliza.

Nakuandikia hili nikijua uchungu wake. Miaka kadhaa iliyopita msichana mmoja alitusomea kuhusu bibi yake. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Aliposema "mti hii", nikamkatiza. Akasahihisha, akaendelea. Nikamkatiza tena. Sauti yake ikapungua mpaka aya ya mwisho tuliisikia kwa shida. Hakurudi. Na mpaka leo nakumbuka kitu kimoja kwenye hadithi ile: bibi alikuwa akimwita mbuzi wake kwa jina la mumewe marehemu, na mbuzi alikuwa akiitika. Nililisikia, likanichoma, sikumwambia. Nilimwambia kuhusu mti.

Wewe bado una nafasi. Mpigie simu, usimtumie ujumbe. Usianze kueleza nia yako ilikuwa gani. Mwombe radhi kwa sentensi moja, kisha mwambie jambo moja kutoka kwenye hadithi yake ambalo bado unalikumbuka, kwa maneno yake. Kama hulikumbuki hata moja, basi omba akusomee tena, na safari hii weka kalamu chini. Ngeli mtazifikia. Akishajua kwamba kuna mtu anataka kusikia mwisho wa hadithi, yeye mwenyewe atakuuliza kuhusu ngeli.

*Ndugu yangu alifariki mwaka jana. Kila nikianza kuandika, ni yeye tu, na baadaye najisikia vibaya zaidi. Niendelee? – Rongai*

Pole sana, ndugu yangu. Ni kawaida kuumia mara tu baada ya kuandika jambo la namna hiyo. James Pennebaker na Sandra Beall, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 1986 utafiti ambao wanafunzi waliandika kuhusu machungu yao dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walitoka na huzuni zaidi siku hizo, ila katika miezi iliyofuata walienda kliniki mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida.

Lakini utafiti si amri. Ukiona giza linazidi, ukakosa usingizi au hamu ya kula, funga daftari na uongee na mtu: mshauri nasaha, mhudumu wa afya, au mtu wa imani yako unayemwamini. Siku nyingine andika kitu kidogo chake, viatu vyake mlangoni, namna alivyokunywa chai, badala ya kuandika siku ile yenyewe. Wala huna deni la kumsomea mtu yeyote. Kurasa nyingine ni zako peke yako.

*Simu au daftari? – Msomaji wa Zimmerman*

Daftari, ukiweza. Simu hulia, na kidole kinajua sana kufuta. Ila kama umesimama ndani ya matatu kwenye msongamano wa Thika Road na mkono mmoja umeshika chuma, andika kwa simu na usijilaumu.

*Nyumba yetu ni chumba kimoja, watu sita. Wapi pa kuketi bila kununua chai? – Kijana, karibu na Jogoo Road*

Uko karibu kuliko unavyodhani. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, matawi ya ile ya McMillan iliyo Banda Street, katikati ya Nairobi, zimekarabatiwa na zina meza na mwanga wa kutosha. Hiyo ya McMillan ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu pekee. Babu yako asingeruhusiwa kuketi humo. Wewe ingia, chagua kiti karibu na dirisha. Nenda asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa, na ubebe kalamu mbili.