Sekunde nane au sita? Kreti la soda liko hatarini

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi na jirani yangu wa gereji tumebishana hadi tumewekeana kreti la soda. Mimi nasema katika mbio kubwa za baiskeli, zile za wiki tatu, ushindi mwembamba kuliko wote ni wa sekunde 8. Yeye anang'ang'ania 6. Nani anunue? Na pengo kubwa kabisa lilikuwa kiasi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Najua hizo nane umezitoa wapi: Tour de France ya 1989. Sikulaumu, maana hata mimi nikianza kuisimulia huwa siachi.

Ilikuwa tarehe 23 Julai, siku ya mwisho. Mfaransa Laurent Fignon, bingwa wa 1983 na 1984, kavaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, yuko mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Zimebaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu peke yake na saa yake. Sekunde 50 kwenye kipande kifupi vile? Wengi walishaona kazi imekwisha.

LeMond alifunga kwenye usukani pembe za nyongeza, zile za watu wa triathloni (mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia), akalaza viwiko juu yake, kichwani kofia iliyochongoka nyuma. Na huyu ni mtu aliyepigwa marisau kwa bahati mbaya mawindoni mwaka 1987, mengine yakabaki mwilini. Aliwaambia wa kwenye gari la timu wasimtajie muda hata kidogo. Fignon akaja nyuma yake kichwa wazi, nywele kafunga mkia, na kidonda cha tandiko kimemnyima usingizi. Aliyewahi kukaa juu ya baiskeli siku nzima na kidonda sehemu ile hahitaji kuelezwa zaidi.

LeMond alitumia dakika 26 na sekunde 57, wastani wa zaidi ya kilomita 54 kwa saa. Kisha akasimama kumsubiri mwenzake, macho kwenye saa. Fignon: dakika 27 na sekunde 55. Kapoteza 58, na akiba yake ilikuwa 50. Zile 8 ndizo zilizomnyima taji, baada ya saa zaidi ya 87 za kukanyaga pedeli tangu Tour ianze. Kwa mwendo wa LeMond siku ile, sekunde 8 ni kama mita 120. Juzi nilizipima kwa hatua, kutoka kwa fundi anayeniziba pancha hadi kwa mama wa mihogo. Mimi na fimbo yangu, karibu dakika mbili.

Ila soma tena ulichoniandikia. Hukusema Tour, umesema mbio kubwa za wiki tatu, na hizo ziko tatu: ya Ufaransa, ya Italia na ya Hispania. Kule Italia, Giro ya 1948, Fiorenzo Magni alimzidi Ezio Cecchi kwa sekunde 11. Kule Hispania, Vuelta ya 1984, Mfaransa Éric Caritoux alimshinda mwenyeji Alberto Fernández kwa sekunde 6. Hapo ndipo jirani yako alipokukamatia. Fernández, maskini, hakupata hata nafasi ya kulipiza. Desemba mwaka huohuo alifariki katika ajali ya gari.

Pengo kubwa? Rudi kwenye Tour ya kwanza kabisa, 1903. Maurice Garin, aliyewahi kuwa msafisha mabomba ya moshi, alimwacha wa pili kwa karibu saa 3. Mwaka uliofuata alishinda tena, akanyang'anywa ushindi kwa udanganyifu.

Kreti ni la jirani. Mwombe akuachie chupa moja kwa ajili ya LeMond, na hizo tupu uzirudishe wewe dukani.