Siku tisa za mbuga za kusini na magharibi: Anko anajibu

Shikamoo Anko. Serengeti na Ngorongoro tulishaenda, Mikumi ndo usiseme maana kila tukienda Iringa tunaipita na twiga tunawaona tukiwa barabarani. Sasa mwezi wa nane tuna siku tisa na Prado yetu wenyewe, mimi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 9, nimepanga Udzungwa, Ruaha, Kitulo, Katavi halafu tumalizie Mahale kwa sokwe. Mume wangu anasema haiwezekani, mi nasema ni kujipanga tu. Nani mkweli hapa?
Mama J, Dar es Salaam

Marahaba Mama J. Kwa hili mumeo yuko sahihi, ila usikate tamaa maana safari yako ipo, tatizo ni umeweka safari tatu kwenye likizo moja.

Angalia umbali kwanza. Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500 na ukiunganisha na malori pale mlima Kitonga hiyo ni siku nzima. Kutoka Iringa mpaka Mpanda ambako ndo mlango wa kwenda Katavi ni karibu 900 kwa kupitia Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, yaani siku mbili za kushika usukani, na bado hujarudi. Mahale nayo ndani hakuna barabara kabisa, mnaenda kwa boti Ziwa Tanganyika na kutembea kwa miguu mlimani, na kubwa zaidi mtoto chini ya miaka 12 haruhusiwi kwenda kuwaona sokwe. Sokwe anaambukizwa mafua yetu kirahisi sana na mafua yanamuua, ndo maana hata watu wazima wanavalishwa barakoa na wanapewa saa moja tu. Msubirini mtoto akue, mlima hauhami.

Ningekuwa mimi ningechukua Udzungwa na Ruaha basi. Siku ya kwanza toka Dar alfajiri, pita Mikumi, kata kushoto pale mjini kuelekea Ifakara mlale Mang'ula, hapo lilipo geti la Udzungwa. Kesho yake pandeni maporomoko ya Sanje, maji yanashuka mita 170 na mtoto wa miaka 9 anapanda vizuri tu mkienda taratibu. Msituni humo kuna mbega wekundu na kuna nyani anaitwa wa Sanje ambaye dunia nzima anapatikana milima ya Udzungwa tu. Siku ya tatu nendeni Iringa, nunueni chakula chote sokoni, jazeni tenki na dumu la akiba, na ya nne asubuhi mnaingia Ruaha. Ni kama kilomita 130, nilipopita mimi ilikuwa vumbi na makorongo na tulitumia masaa matatu. Mkaeni humo siku nne kamili. Najua utasema nyingi. Siku ya kwanza mtakuwa mnakimbiza simba kama kila mtu, siku ya pili mmeshachoka kukimbia, kuanzia ya tatu ndo mnaanza kuona: mnasimama chini ya mbuyu, mnazima injini, na vitu vinakuja vyenyewe.

Tangu pori la akiba la Usangu liunganishwe mwaka 2008 Ruaha imekuwa na kama kilomita za mraba 20,000, na magari ni machache, sisi tuliwahi kumaliza asubuhi nzima bila kukutana na gari hata moja. Pia pale misitu ya miombo ya kusini inakutana na vichaka vya miiba vya kaskazini, kwa hiyo unaweza kuwaona tandala mkubwa na tandala mdogo kwenye hifadhi moja, swala wakubwa palahala na korongo nao wapo, mbwa mwitu ukibahatika. Mwezi wa nane ni kiangazi, mito midogo imebaki mchanga mtupu na utawaona tembo wanachimba visima kwa miguu na mkonga, wakishakunywa wao na wengine wanapata.

Ila kuna kitu utakiona pale na naomba umweleze mtoto. Mto Ruaha Mkuu zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kiangazi unakauka, sehemu nyingine yanabaki madimbwi na viboko wanabanana kwenye tope mpaka migongo inapasuka kwa jua. Maji yanachukuliwa huko juu bonde la Usangu kwenye mashamba ya mpunga, na ardhi oevu ya Ihefu ambayo ilikuwa inayashika na kuyaachia taratibu imeumia kwa mifugo na kilimo. Ule mchele wa Mbeya tunaougombania Dar sehemu kubwa unalimwa Mbarali, kwenye bonde hilo hilo. Mi nausimamia mto huu kila nikipata nafasi maana nimeuona ukiwa na maji na nimeuona ukiwa mchanga, na huko chini ndo unapeleka maji mabwawa ya Mtera na Kidatu kwenye umeme wetu wenyewe.

Kulala Ruaha, kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe kando ya mto, mnajipikia. Usiku msitoke kwenda gari bila tochi na bila kuangalia kwanza, tembo na viboko wanapita katikati ya mabanda. Malipo getini ni kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, hawapokei keshi, na mbebe vitambulisho vya NIDA ili mlipe bei ya Mtanzania maana ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni. Kurudi mpitie Isimila nje kidogo ya Iringa, mtoto ataona zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua.

Kitulo mwezi wa nane muache, maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, sasa hivi mtakuta baridi na nyasi kavu.

Anko mambo. Nimehamishiwa Mpanda kikazi huu mwaka wa pili, Katavi iko hapo Sitalike na sijawahi kuingia, naogopa mbung'o na sina gari. Nifanyeje?
Msomaji, Mpanda

Poa kijana, ila miaka miwili! Watu wanakodi ndege ndogo kufika hapo ulipo. Tafuta wafanyakazi wenzako wanne mchangie gari ya juu, iwe Septemba au Oktoba kabla mvua hazijaanza, maana zikianza ule udongo mweusi wa mbugani unameza gari mpaka mlango. Mwombe askari wa hifadhi awapeleke Ikuu, hapo kiangazi viboko wanajazana kwenye maji kidogo yaliyobaki, mamia, wanapigana mpaka damu, na mamba wamejichimbia mashimo kwenye kingo za mto Katuma. Nyati nao makundi makubwa sana. Ulizia pia mti wa mkwaju wa Katabi karibu na ziwa Katavi, Wabende, kabila la huko, wanapeleka sadaka pale kwa mzimu wa Katabi na jina la hifadhi limetoka hapo, ukifika uwe na heshima.

Mbung'o ni kweli wapo na wanauma juu ya shati. Usivae bluu wala nyeusi, hizo rangi zinawaita, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya majani, mikono mirefu, na vioo vifungwe gari ikiwa inatembea kwenye miti maana wanafuata kinachotembea, ukifika uwazi wanapungua. Siku za mbele ukipata homa isiyoeleweka, mwambie daktari kwamba ulikuwa Katavi ili akupime malale.

Anko, kampuni ya utalii imenitaka nilipe yote kabla, ni sawa?
Binti wa Morogoro

Hapana mdogo wangu. Mimi niliwahi kulipa yote kwa ajili ya Land Cruiser, asubuhi ikaja Noah, tukakwama mchangani masaa matano na wazee ndani ya gari na maji yamekwisha. Tangu hapo naomba vitu vitatu: nakala ya leseni ya TALA (ile ya biashara ya utalii) ya mwaka huu, namba ya gari lenyewe na picha yake, na karatasi inayosema ada za hifadhi ziko ndani ya bei au la. Lipa nusu, nyingine siku ya kuondoka ukishaliona gari kwa macho yako, na tairi ya akiba uikague mwenyewe.